Mifumbati kwa Meli, Matendegu kwa Lori

Mliponipa kile kiti siku ya kuniaga, jambo la kwanza nililofanya ni kukikalia na kujitikisa. Kililia. Sikusema neno, kwa kuwa wageni walikuwapo na pilau ilikuwa inakaribia kuiva, lakini tangu siku ile nimekuwa nikiwaza kwamba kuna mambo sikuwafundisha. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa fundi ni fundi tu. Mshahara nao sitautaja, maana miaka yote ile wenyewe haukuwahi kupaza sauti.

Nitawaeleza juu ya kitanda kimoja na safari ya Kilwa Kivinje. Na kwa kuwa nimestaafu na sina wa kumwogopa, nitawaeleza pia juu ya wivu, ambao nimeishi nao muda mrefu kuliko nilioishi na mke wangu.

Niliingia karakana hii ya Keko nikiwa kijana ambaye ndevu zimeanza kumdanganya kuwa ni mtu mzima. Wakati huo ilikuwa banda la makuti kando ya barabara ya Kilwa, na malori yakipita vumbi lote linatua kwenye vanishi mbichi. Fundi mkuu alikuwa Mzee Pazi, Mzaramo mwenzangu, mfupi, mwenye vidole vinene ambavyo hukutegemea vingechonga ua. Siku ya kwanza nilimwambia, "Shikamoo Mzee, nataka kujifunza kuchonga vitanda." Akaitikia marahaba, akanipa patasi butu na jiwe la kunolea, akaenda zake. Nilinoa kutwa. Jioni akaipitisha ile patasi kwenye nywele za mkono wake, hazikukatika, akanirudishia bila kunitazama. Nilinoa siku nyingi kabla ya kugusa ubao. Ninyi leo mkipewa jiwe la kunolea mnauliza kama kuna mashine.

Nilipoanza kuzoeleka, na Mzee Pazi alipoanza kuniita "mwanangu" mbele ya wateja, ndipo akaja Kristofa.

Kristofa alikuwa Mnyamwezi wa upande wa Tabora, mrefu, mpole wa maneno, amefundishwa useremala misheni. Alikuja na kisanduku chake cha vyombo kimepakwa rangi ya kijani. Siku ileile aliyofika, Mzee Pazi alimpa patasi ainoe. Jioni akaipitisha mkononi, nywele zikaanguka, Mzee akacheka kwa furaha. Akasema, "Salehe, njoo uone." Nikaenda nikaona. Tangu saa ile nilimwonea wivu Kristofa, na sitaki mtu anipambie neno. Ulikuwa wivu mtupu, unaokaa kifuani na kupanda mtu akikohoa tu.

Jambo lililotuokoa tusipigane ni utani. Mnajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya watu na watu wakacheka, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Basi tulitukanana asubuhi hadi jioni, karakana nzima ikicheka, wakidhani ni utani. Mie nilikuwa nasema kweli kila neno. Naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa anasema kweli pia, kwa sababu yeye alinionea wivu wa lile neno "mwanangu". Yeye Mzee alimwita "wewe mrefu".

Sasa nieleze kazi. Vitanda vya Mzee Pazi vilitafutwa pwani nzima, na havikutafutwa kwa nakshi. Vilitafutwa kwa sababu havilii. Kitanda cha arusi kikilia, nyumba nzima inasikia, na kesho yake bibi arusi hawezi kupita uani kwa vicheko vya mawifi. Mzee hakutumia misumari wala gundi kwenye viungo vikuu. Kitanda kina matendegu manne, ndiyo miguu yake, na mifumbati miwili, ndiyo mbao ndefu za ubavuni, na vitakizo viwili vya kichwani na miguuni. Kila mfumbati una ulimi huku na huku, kila tendegu lina tundu. Ulimi ukiingia tundu kwa kusukumwa na kiganja tu, bila nyundo, Mzee alitikisa kichwa akasema, "Hao wamependana."

Pia alikuwa na desturi yake na masomo, wale wanawake wanaomfunda bibi arusi na kumsimamia mpaka ndani. Arusi ikiisha, somo humpelekea Mzee Pazi jawabu. Kitanda kikinyamaza, anatuma kikuba, kile kishada cha asumini na rehani. Kikilia, anatuma kichupa cha mafuta ya nazi, kwamba fundi njoo ukapake viungo vyako. Mzee alijisifu kwamba vikuba anavijua, kichupa hajakiona.

Ikaja kazi ya Kilwa Kivinje. Mfanyabiashara mmoja wa huko alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza, anataka kitanda cha mninga, na fundi aje kukiunga mwenyewe chumbani. Macho ya Mzee Pazi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, hakuweza kusafiri. Akatuita sote wawili, akasema kwa sauti ya chini, "Mie nachoka. Atakayeniletea kikuba kutoka Kilwa, huyo atakaa mezani pangu."

Meza yenyewe mnaijua, ni hiyohiyo mnayoegemea mkinywa chai. Kwetu sisi ilikuwa kiti cha enzi. 

Swali likawa moja: Kilwa tunafikaje? Mie nilisema meli. Meli ya pwani inapita, mzigo unalala chini ya sitaha, hautikisiki wala hauungui jua. Kristofa akasema lori. Lori linapita hapa mlangoni, unapakia mwenyewe, unakaa juu ya mzigo wako, unashuka nao mlangoni kwa mwenye arusi.

"Nyie Wanyamwezi," nikamwambia, "maji mengi mliyowahi kuyaona ni ya mtungi. Sema tu unaogopa bahari."

"Naiogopa," akasema Kristofa. "Na wewe ukipanda lori unatapika kabla ya Mbagala. Mzaramo barabara anaijua ya kwenda ngomani tu."

Watu wakacheka. Tukabishana siku nzima, na ninyi mnajua kwamba hatukuwa tunabishana juu ya meli na lori. Kama tungekwenda kwa meli, mie ndiye ningekuwa mkubwa wa safari, yeye angekuwa mgonjwa wa kushikiwa beseni. Kama tungekwenda kwa lori, kinyume chake. Na hakuna aliyekubali mwenzake aende peke yake na kitanda kizima.

Mzee Pazi akachoka kutusikiliza, akafanya kosa ambalo fundi kama yeye asingelifanya siku ambayo kichwa kimetulia. Akasema, "Basi gawaneni. Salehe, chukua mifumbati na vitakizo uende na meli yako. Kristofa, chukua matendegu uende na lori lako. Mtakutana huko, na hakuna atakayeweza kufanya kitu bila mwenzake." Mie akaniazima randa yake, ile ndogo ya mpingo aliyoirithi kwa mwalimu wake. Kristofa akampa patasi. Nilimwona Kristofa akiitazama ile randa mikononi mwangu, nikajisikia raha ambayo sijaisikia tena.

Safari yangu ilikuwa nzuri mpaka mwisho. Nilikaa sitahani na wauza samaki wakavu na mwalimu mmoja wa chuo, nikawa nawaza tu: lori limefika wapi? Limekwama? Limetangulia? Bahari ilikuwa shwari, mie ndani sikuwa shwari. Kilwa Kivinje maji ni mafupi, meli hutia nanga mbali, tukapokewa na mashua. Ile mashua yetu ilijaa watu na mbuzi, mawimbi yakawa yanaruka ndani, na mifumbati yangu niliyoifunga magunia ikafika pwani imelowa chepechepe. Nikaianika nikidhani haitaonekana kuwa ililowa.

Kristofa alikuwa amefika jana yake. Huo nao ulikuwa msumari. Alinipokea pwani, mwekundu kwa vumbi mpaka kope, akanieleza kwamba lori liliharibika kabla ya pantoni ya Rufiji, wakakaa juani siku kadhaa wakingoja chuma kutoka mjini, matendegu yakiwa juu ya shehena yakiungua. "Lakini nimefika," akasema. "Na nimeshakunywa kahawa na mwenye nyumba." Alijua pa kuniuma.

Tukaingia chumbani kuunga. Mnaona wenyewe yaliyotungoja. Ulimi uliolowa umevimba, tundu lililokauka limejikaza. Mbao zilezile zilizoingiana Keko kwa kiganja, Kilwa hazikuingiana hata kwa bega. Tukasukuma, tukajaribu kona nyingine, hakuna. Arusi ilikuwa wiki ileile.

Nikatoa randa. "Naukwangua ulimi kidogo."

Kristofa akasimama mbele yangu. "Ukiukwangua leo, ukikauka utacheza ndani ya tundu. Kitalia."

"Basi tanua tundu lako kwa patasi."

"Tundu langu lina kosa gani? Ulimi wako ndio umekunywa bahari."

Sauti zikapanda. Mlango ukafunguliwa, akaingia somo wa bibi arusi, Bi Mwanahamisi, mwanamke mnene mwenye pete puani na macho yasiyopitwa na kitu. Akatutazama, akazitazama mbao.

"Mnagombania nini wanangu?"

Tukamweleza, kila mmoja kwa upande wake. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyu katoka majini, huyu katoka juani, mnataka waingiane leo leo! Hata maharusi hupewa siku wakazoeana. Walazeni chumba kimoja mfunge dirisha. Na asiwaguse mtu."

Tukafanya hivyo. Tukazilaza mbao sakafuni zimegusana, tukafunga dirisha, tukakaa kizingitini kila siku kutwa, mie upande huu, yeye upande ule, tukilinda. Tulimlinda nani? Mwizi hakuwapo. Mie nilimlinda Kristofa asiingie na patasi yake, yeye alinilinda mie nisiingie na randa. Tulikula sahani moja kwa sababu hakuna aliyekubali kuondoka kwenda kula kwingine. Mara moja tu nilimwacha peke yake, nilipokwenda msikitini swala ya Ijumaa, na nakiri sikumbuki hotuba ilihusu nini. Naye mara moja tu aliniacha, alipokwenda kisimani kuoga vumbi lake. Mie sikugusa kitu. Hilo naliandika kwa mkono wangu na naliapia.

Siku ya kuamkia arusi tukajaribu tena. Kristofa alishika tendegu, mie nikasukuma mfumbati kwa kiganja. Ukaingia. Ukaingia polepole, ukatoa pumzi kidogo, ukakaa. Viungo vyote vinne hivyohivyo. Tukatazamana, na kwa muda mfupi sikuwa na wivu wowote. Kisha nikakumbuka kikuba.

Arusi ikapita na vigelegele vyake. Asubuhi Bi Mwanahamisi akaja barazani amefurahi, mkononi ana kikuba kimoja. Kimoja! "Mpelekeeni fundi wenu," akasema, akakiweka katikati ya mkeka baina yetu, akaondoka. Sijawahi kuona maua yakitazamwa kwa chuki namna ile.

Hapo likarudi swali la safari. Meli ilikuwa karibu kupita, na lori lilikuwa linaondoka. Atakayetangulia ndiye atakayesimulia kwanza, na kwa Mzee Pazi aliyesimulia kwanza ndiye aliyetenda. Kristofa akasema atapanda meli nami. Nikamwambia atakufa. Akasema afadhali. Mie nami sikutaka aonekane shujaa, nikasema basi nitapanda lori nawe. Mwishowe tukapanda lori. Nilitapika kuanzia Kilwa mpaka Rufiji, na Kristofa akanishika kiuno nisidondoke, mkono mwingine ameshika kikuba juu kisipondeke. Mpaka leo sijui alikuwa anamwokoa nani.

Mzee Pazi alikinusa kikuba, kimeshanyauka, akauliza nani kakileta. Tukasema kwa pamoja, "Mie."  Mzee akakitundika kwenye msumari juu ya meza, akasema, "Meza ina pande mbili."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, uso kwa uso, miaka yote ile. Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Waliosema hivyo hawakuiona meza yetu. Akichonga waridi, nachonga waridi na majani. Mteja akimsifu, namwita mteja huyo aje aone changu. Watoto wake waliposoma wote mpaka wakawa makarani na walimu, niliwapeleka wangu shule hata waliokuwa hawataki. Kama kazi zangu zilikuwa nzuri, na zilikuwa nzuri, basi jueni zilinolewa kwa jiwe gani.

Mzee Pazi alipofariki nilitegemea angalau msiba utakuwa wangu. Mie ndiye mwanawe. Nilibeba jeneza, nililia, nilifanya yote. Lakini mtani naye ana haki zake msibani, na Kristofa alikuwa mtani. Jeneza linatoka, mara akajilaza kizingitini urefu wake wote, akasema Mzaramo huyu hatoki, amemnyanyasa miaka mingi kwa kumwita "wewe mrefu", alipwe kwanza. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mjane akauliza anataka nini. Akasema, "Randa." Mtani msibani hakataliwi. Akapewa randa ya mpingo mbele ya macho yangu, na waombolezaji wakamsifu kwamba ndiye aliyempenda marehemu kuliko wote.

Ila walimpa mwili wa randa tu. Chuma chake, kile kisu chenyewe, kilikuwa mfukoni mwa koti langu, nilikichukua kukinoa siku Mzee alipougua. Sikusema. Najua Kristofa jioni ile aliifungua randa akakuta tumbo tupu. Hakuniuliza. Angeweza kununua chuma kingine dukani, hakununua.

Hata kustaafu alinitangulia, akakaa Temeke kwake akifuga bata. Mkaanza kumsifu, "Enzi za Fundi Kristofa." Niliwasikia.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hamkuliona siku ya kuniaga, mkiwa mmeshughulika na pilau. Alikuja binti mmoja, Sauda, akasimama mlangoni akaulizia mafundi wawili waliokwenda Kilwa zamani. Nikasema mmoja ni mie. Akaniamkia. Ni mtoto wa yule bibi arusi. Anaolewa yeye kabla ya masika, na mama yake anamwachia kitanda kilekile. Akafungua kanga yake, akanipa kichupa cha mafuta ya nazi.

"Mama anasema kimeanza kulia," akasema kwa haya. "Kona moja tu, ya ukutani. Anasema nyie mtajua."

Nilikaa kwenye kile kiti chenu, kikalia nacho.

Wazo langu la kwanza, nawaambieni, lilikuwa kwenda peke yangu. Nipande meli, niichomoe ile kona, nione. Kwa sababu kitaonekana. Randa huacha njia ndefu laini, patasi huacha vidonda vifupi. Ulimi au tundu, kimojawapo kilikwanguliwa siku ile, na sio na mie. Ningerudi Dar na ushahidi wa miaka yote. Lakini huwezi kurekebisha ulimi wa Mzee Pazi kwa randa nyingine, na mwili wa ile yake uko kwa Kristofa. Nikakitia kichupa mfukoni, upande mmoja na kile chuma, nikaenda Temeke.

Kristofa alikuwa anawamwagia bata pumba. Nikampa kichupa. Akakinusa, akajua.

"Kona ipi?"

"Ya ukutani."

"Mfumbati wako huo," akasema.

"Tendegu lako hilo."

"Ulikwangua nilipokwenda kuoga."

"Ulikwangua wewe nilipokwenda Ijumaa!"

Mkewe akatoka jikoni kutazama nani anapigana. Kristofa akaingia ndani kwa magoti yake mabovu, akarudi na kitambaa. Ndani yake ilikuwa randa, imepakwa mafuta, inang'aa, tumbo tupu. Akaiweka juu ya kigoda baina yetu, akaningoja. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa chuma.

"Nilijua kiko kwako," akasema.

"Toka lini?"

"Toka msibani. Koti lako lilikuwa linaning'inia upande mmoja."

"Mbona hukukidai?"

Akawatazama bata wake. "Ningekidai ungenipa. Halafu ungekuja kunichungulia kwa sababu gani?"

Nilitaka kumtukana, ni haki yangu, nikakosa tusi. Nikakichomeka chuma mahali pake, nikakikaza kwa kabari. Kikakaa, hakikutoa sauti. Tukapitisha randa kwenye kipande cha mninga, mara moja yeye, mara moja mie, na utepe wa mbao ukatoka mrefu, mwembamba, bila kukatika.

Kisha tukaanza upya: Kilwa tunafikaje? Yeye anasema lori, magoti yake hayawezi ngazi za meli. Mie nasema meli, tumbo langu halijasahau Rufiji. Tumebishana mpaka bata wamelala. Tumeamua lori kwenda, meli kurudi, ili kila mmoja ateseke mbele ya mwenzake. Matendegu na mifumbati safari hii yako huko yanatungoja chumba kimoja, hakuna cha kugawana.

Tunaondoka Jumatatu, lori litapita hapo karakana. Tokeni mtuone. Randa atashika yeye, nimekubali. Kichupa nitakishika mie.